Pilau ya Kumuaga Bosi

Sokoni Malindi, mwaka ule wa barakoa, Kadii aliruka foleni ya kunawa mikono. Nyale, afisa wa afya aliyevaa shati jeupe lililopigwa pasi, akamzuia.

"Dada, rudi nyuma."

"Nirudi nyuma na samaki wanaoza?"

"Basi nawa upesi, uondoke na harufu yako."

Kadii akacheka ndani ya barakoa ya kitenge. Nyale aliona macho tu, yakamtosha. Akaomba namba. Jioni ile akapiga simu, na jioni nyingi baadaye.

"Umekula, mpenzi?"

"Nakungoja wewe unilishe."

Kisha baba yake Kadii akafariki huko Jilore. Kwa Wagiriama, hangani, yaani matangani, watu hulala siku kadhaa, huimba na kula pamoja. Lakini amri ilisema watu kumi na tano tu, na maiti izikwe upesi. Nyale ndiye aliyetumwa kusimamia. Menza, mdogo wa marehemu, alifika amechelewa kutoka Adu. Nyale akamzuia nje ya ua.

"Nisamehe, mzee. Sheria haina ndugu."

Kadii alimtetea kwa mamake. "Ni kazi yake, mama."

Wiki ileile picha ikazunguka kwenye simu za watu: ofisi ya kina Nyale imejaa, sinia za pilau mezani, barakoa zimeshushwa kidevuni, Nyale katikati anapiga makofi.

Kadii akampigia.

"Ile ni sherehe gani?"

"Si sherehe. Tulikuwa kazini, tukamuaga bosi."

"Mliimba?"

"Kidogo."

"Kwetu hatukuimba, Nyale."

Akakata simu. Miezi ikapita hajapokea simu yake, hadi siku Nyale aliposimama mbele ya meza yake ya samaki, amekonda, shati halina pasi.

"Nilikosa, Kadii."

"Najua. Nimejaribu kukuchukia, nimeshindwa. Tuma wazee."

Wazee wakaenda Jilore na kibuyu cha mnazi, pombe ya kuposea, Nyale nyuma yao. Baba hayupo, kwa hiyo wa kuupokea na kuikubali posa alikuwa Menza. Akakitazama kibuyu kwa muda.

"Kijana, sina ugomvi nawe. Lakini ndugu yangu sikumwona akiingia kaburini. Mkono haunyanyuki."

Kadii akapiga magoti. "Baba, nihurumie."

"Nakuhurumia, mwanangu. Bado haunyanyuki."

Hakufoka. Angefoka, wangembembeleza. Mnazi ukachachia kibuyuni, na wapenzi wale wakabaki wamekaa pande mbili za ua, hakuna aliyeweza kuinuka kwanza.