Kanuni ya Geti

Siku spika ya shule ilipopasuka, Mwalimu aliibeba mwenyewe kiunoni, kama anavyobebwa mtoto, na watoto wake wakamfuata kwa miguu.

Jengo la mafundi wa vyombo vya umeme lilikuwa limefurika. Kila kibanda kilikuwa na redio yake na wimbo wake, wauza waya walikuwa wakiita wateja, na moshi wa kuchomelea uliwasha pua. Mwalimu alikuwa ametoka shuleni moja kwa moja, na trakisuti yake ya buluu, raba zilizoliwa kisigino, na kitambaa chekundu kichwani. Mkono wa kulia alikuwepo bintiye wa miaka sita, ambaye kwa wingi wa maneno yake aliitwa Kasuku. Kushoto alikuwepo mwanawe wa miaka minne, Kifurushi, aliyepewa jina hilo kwa sababu tangu azaliwe alikuwa mtu wa kubebwa. Leo nafasi yake ilichukuliwa na spika, na uso wake ulisema hivyo waziwazi.

"Lete," sauti ya kiume ikasema, na mikono miwili ikaupokea mzigo kabla hajajibu.

Alikuwa fundi mrefu, shati limepigwa pasi likanyooka, bisibisi nyuma ya sikio. Akaigonga spika kwa kidole kama daktari anayegonga kifua cha mgonjwa.

"Mmeipa nini hii, Mwalimu? Imelia mpaka imepasuka koo."

"Umejuaje kama mimi ni mwalimu?"

"Una filimbi shingoni. Kama si mwalimu, ni refa."

Mwalimu akacheka, kicheko ambacho hata yeye kilimshangaza. "Nafundisha timu ya dansi ya shule. Mashindano ni mwisho wa muhula, na bila spika tutacheza kwa kupiga makofi."

Ndipo Kifurushi akamvuta suruali. "Mwalimu, nataka kukojoa."

Fundi akainama kumtazama. "Siku hizi timu inachukua wachezaji wadogo hivi?"

Jibu lilikuwa rahisi: hawa ni wanangu. Mwalimu akafungua mdomo, na kilichotoka ni kingine. "Hapana. Nimeachiwa niwaangalie tu."

Kasuku, ambaye hajawahi kunyamaza kwa hiari, alimtazama mama yake, akanyamaza.

Ilikuwa hivi. Baba yao alisafiri kutafuta kazi. Akapata kazi, akapata na mke, hakupata nauli ya kurudi. Mwalimu hakuwa na wa kumwachia watoto kila siku, kwa hiyo baada ya masomo walikaa kwenye mkeka ukumbini wakati akifundisha. Mzazi mmoja akalalamika kwamba pale hapafundishwi dansi, panalelewa watoto. Mwalimu Mkuu, mama wa maneno machache, akamwita ofisini. "Nikisikia tena mama, mama, ukumbini mwangu, timu nampa mwingine." Mwalimu akatunga kanuni: ndani ya geti la shule yeye ni Mwalimu, nje ya geti ni Mama. Kila jioni wakivuka reli ya geti, ile ya chini ambayo geti huteleza juu yake, alisema, "Haya, tumetoka," na Kifurushi alianza, "Mama, mama, mama," kama mtu aliyebana pumzi mchana kutwa. Siku ile, kwa uzito wa spika, alisahau kusema wametoka.

Kwa nini basi hakusahihisha? Yule mwanaume alikuwa amemtazama kama anavyotazamwa mwanamke, na ulikuwa umepita muda mrefu tangu atazamwe hivyo. Akaona hata dakika tano si dhambi.

Dakika tano hizo zikazaa. Aliporudi kuchukua spika alirudi peke yake, ndani ya gauni la kijani lenye mkanda mwembamba kiunoni, na manukato aliyokuwa amesahau kwamba bado yamo kabatini. Watoto alikuwa amewaacha kwa jirani.

"Spika imepona," Fundi akasema, macho yakiwa kwenye gauni. "Ningeweza kuipa maradhi mengine ili urudi tena, lakini nitaonekana fundi mbaya."

"Ipe tu. Nitakutetea."

Simu zikaanza.

"Mwalimu wangu."

"Fundi wangu."

"Umekula?"

"Nimekula. Wewe je?"

"Nimekula, ila sijashiba. Kushiba kwangu ni mpaka niione sura yako."

"Maneno hayo unayatengeneza hapohapo kibandani?"

"Ndiyo. Na yana waranti."

Alizipokea simu hizo bafuni, bomba limefunguliwa, mguu umekanyaga mlango. Nje Kifurushi akigonga. "Mama, unaongea na nani?"

"Nani huyo anaita mama?" Fundi akauliza siku moja.

"Mtoto wa jirani. Kuta zetu nyembamba."

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Huyu alikwisha zaa, na sasa alikuwa anaficha watoto. Nafsi ilimsuta kila alipofungua mlango wa bafu na kumkuta mwanawe amekaa sakafuni, amechoka kugonga. Alimbusu mara nyingi kuliko kawaida siku hizo, na mtoto akapokea mabusu bila kujua ni fidia.

Siku nyingine, wakinywa chai kwenye mgahawa karibu na kibanda, Fundi aliuliza, "Wale watoto ulioachiwa siku ile hawajambo? Yule mdogo alininunia."

"Hawajambo."

"Mama yao ana bahati kuwa na rafiki kama wewe."

Mwalimu akaweka kikombe chini. Nimwambie sasa, akawaza. Lakini Fundi alikuwa anatabasamu, na tabasamu lile lilikuwa zuri, akaona bora amwambie baada ya mashindano. Kesho yake ikazaa kesho nyingine.

Wiki moja kabla ya mashindano, Fundi alikuja shuleni na spika zake kubwa, ambazo shule ilizikodi kwa siku hiyo, ili zijaribiwe. Ukumbi ulikuwa na vumbi na kelele za wasichana wenye sketi za njano, moja bado ina pini. Mwalimu alikuwa amepiga magoti akimfunga mchezaji kamba za viatu huku akihesabu hatua kwa sauti. Kifurushi akaja kutoka mkekani.

"Mwalimu, kiatu."

"Subiri kidogo."

"Mwalimu, kiatu changu kimefunguka."

"Nimesema subiri. Kaa."

Hakukaa. Alipanda ngazi za jukwaa kwenda kuona spika kubwa, akakanyaga kamba yake mwenyewe, akaanguka kwa mdomo.

Fundi ndiye aliyekuwa karibu. Alitupa nyaya, akamwinua, damu ikachirizika kwenye shati lake lililopigwa pasi. Mwalimu alikuwa amesimama tayari, mguu mmoja mbele, ndipo akamwona Mwalimu Mkuu mlangoni na wazazi wawili. Mguu ukakwama. Haikuwa muda mrefu. Lakini kwa mama anayesikia mtoto wake analia na bado anaangalia mlango, hata pumzi moja ni ndefu.

"Mama yako yuko wapi, rafiki yangu?" Fundi akamuuliza mtoto.

Kifurushi alimtazama Mwalimu kupitia machozi. Alikumbuka kanuni.

"Yuko nje ya geti," akasema.

Fundi hakungoja kusikia zaidi. Akatoka na mtoto kifuani, akavuka uwanja kwa hatua ndefu, akafika barabarani ambako wazazi walikuwa wakisubiri, akawa anageuka huku na huku. "Jamani, nani mama wa huyu?"

Kabla hajajibiwa, Mwalimu alifika akihema, kitambaa cha kichwa kimedondoka njiani. Kifurushi aliitazama reli ya geti. Akaitazama miguu ya mama yake, mmoja, na wa pili, mpaka akahakikisha yote miwili imetoka. Kisha akanyoosha mikono.

"Mama."

Fundi alimkabidhi mtoto polepole.

"Ni wangu," Mwalimu akasema.

"Nimesikia."

"Na dada yake pia."

"Na mtoto wa jirani, yule wa kuta nyembamba?"

"Ni huyuhuyu."

Fundi aliangalia damu kwenye shati lake. "Kunidanganya mimi, nitalimeza. Mimi ni mtu mzima, si wa kwanza kudanganywa. Lakini mtoto katoka damu mdomoni, na bado kasubiri ruhusa ya kukuita." Akaanza kugeuka. "Spika zitakuwepo siku ya mashindano. Nimeshaiahidi shule."

Akaondoka bila kurudi kuchukua nyaya zake.

Mdomo wa Kifurushi ulipona upesi. Mwalimu ndiye hakupona. Jioni ya pili alipiga simu, safari hii akiwa sebuleni, watoto pembeni.

"Fundi."

"Naam, Mwalimu."

"Naomba tuongee."

"Kama ni habari ya spika, ongea."

"Si ya spika."

"Basi nina mteja."

Akakaa na simu mkononi. Kisha akawaita wanawe. "Kanuni ya geti imekufa. Kuanzia leo niiteni mama popote."

"Hata Mwalimu Mkuu akiwepo?" Kasuku akauliza.

"Hata akiwepo."

"Na yule Fundi?"

"Akiwepo yeye, niiteni kwa sauti zaidi."

Kasuku alifurahi. Kifurushi aliendelea kuchezea kamba ya kiatu chake. Kesho yake ukumbini alipotaka maji alimvuta tu suruali, akanyoosha kidole. Hakumwita Mwalimu, hakumwita Mama. Hilo ndilo lililomkata Mwalimu maini. Alimnyang'anya mtoto jina moja, akamfutia la pili, na sasa mtoto hakuwa na la kumwita. Mwalimu alikwenda chooni akalia, akanawa uso, akaenda moja kwa moja ofisini.

"Wanangu watakaa mkekani na wataniita mama," alimwambia Mwalimu Mkuu. "Ukitaka kumpa mwingine timu, niruhusu nimalize mashindano haya."

Mwalimu Mkuu aliinua macho kutoka kwenye karatasi zake. "Hilo tutalizungumza baadaye. Nenda kafundishe."

Siku ya mashindano ukumbi wa shule ulijaa mpaka madirishani. Mwalimu alivaa gauni la rangi ya zambarau na viatu vya chini, maana mwalimu wa dansi hajui atakimbilia wapi. Fundi alikuwa pembeni ya jukwaa nyuma ya mitambo, shati jeupe, hamwangalii. Walikuwa wamepatana kwa maneno machache tu: Mwalimu akishusha mkono, muziki uanze.

Timu yake ikaitwa. Wasichana wakajipanga, wakaganda, vichwa chini. Majaji wakashika kalamu. Mwalimu akainua mkono, na ukumbi mzima ukatulia.

"Mama."

Sauti ilikuwa ndogo, lakini katika ukimya ule ilifika kila kona. Kifurushi alikuwa amesimama mkekani, mikono mgongoni, akiita kama mtu anayejaribu maji ya kuoga kwa kidole.

"Mama. Kiatu."

Mstari wa mbele, Mwalimu Mkuu akageuka. Mkono wa Mwalimu bado ulikuwa juu. Akiushusha, muziki utaanza na hakuna atakayekumbuka mtoto na kiatu chake. Akamtazama Fundi. Kwa mara ya kwanza siku ile Fundi naye akamtazama. Kisha akaondoa kidole kwenye kitufe, akatia mikono yote mifukoni.

"Abee, baba," Mwalimu akaitika, kwa sauti ya kufundishia. "Mama anakuja."

Akatembea mbele ya majaji, mbele ya wazazi, akapiga magoti mkekani, akafunga kamba. "Haya, lete na huo mwingine." Watu wakacheka, kicheko cha watu wenye watoto. Akarudi mahali pake, akainua mkono tena, na alipoushusha muziki ukaja palepale, mzito na safi, wasichana wakaurukia kama walioupania.

Wakawa wa pili.

"Kile kiatu kimetupunguzia alama," Mwalimu Mkuu akamwambia walipokuwa wakikusanya viti.

"Najua, mama. Samahani."

"Jumatatu mazoezi kama kawaida." Alikwisha geuka alipoongeza, "Na ule mkeka umechakaa, watoto watachafuka. Tafuta mwingine."

Fundi alikuwa akikunja nyaya. Mwalimu akamsogelea, akashika ncha ya pili.

"Ulinisubiri."

"Ulikuwa umeitwa."

"Niliwaonea haya wanangu, Fundi. Wewe nilikudanganya, lakini wao niliwaonea haya. Sijui hilo nitalilipaje."

"Mimi pia sijui." Akaendelea kukunja. "Na bado nina hasira, nisikufiche. Itachukua muda."

"Najua."

"Ila kila jioni nilikuwa naiangalia simu, na hasira zangu hizohizo."

Mwalimu hakucheka, kwa kuogopa kulia. Wakatoka wote wanne. Safari hii spika ilibebwa na mwenye spika, na Kasuku akashika nyaya akimsimulia Fundi mambo yote ya nyumbani, hata ya bomba la bafuni. Kifurushi alikuwa kiunoni mwa mama yake. Walipofika getini aliomba ashushwe.

Akasimama upande wa ndani wa reli. "Mama," akasema.

"Abee."

Akavuka, akageuka, akamtazama usoni kwa makini, kuona kama ni yuleyule. "Mama."

"Abee, mwanangu," Mwalimu akasema, akijua mtoto ataendelea kupima hivyo kwa siku nyingi, na kila mara itambidi aitike.

Fundi akahamisha spika bega hadi bega, akiangalia pembeni.

"Na wewe tukuite nani?" Kasuku akamuuliza.

"Kwa sasa, niiteni Fundi."

"Ndani ya geti, au nje?"

Fundi akamtazama mama yao.

"Kotekote," akasema.