Meno ya Shefu

Watu wa Bwiza, sikilizeni, na asiyetaka aondoke mapema.

Asubuhi dukani kwa Ilyasi ilikuwa tulivu: magunia ya mchele, ndagala, visamaki vidogo vya ziwani, zimeanikwa juani, na paka wao, Shefu, amejilaza kando ya mizani. Miaka sita panya hawakukanyaga pale, na Ilyasi akijisifu kwa wateja kana kwamba anawakamata yeye mwenyewe.

Kisha Shefu akaanza kutoka udenda. Mdomo ukanuka. Anauma ndagala mara moja, anaitema, anajikwaruza shavu. Panya wakarudi. Asiya, mke wa Ilyasi, akasema paka anaumwa. Mume akacheka, eti ni shibe. Akinyimwa siku chache atakumbuka kazi. Akaamuru asipewe chochote. Jamani, kiumbe hawezi kutafuna, na dawa yake ndiyo kunyimwa chakula!

Siku ya nne Shefu alishindwa kusimama. Asiya akamfunga ndani ya kitenge.

“We unapeleka wapi ule muvivu?” Ilyasi akauliza mbele ya wateja. “Kwa dantisti?”

Asiya akamgeukia. “Baba Sumaya, mwaka jana jino lako lilioza. Siku tatu ulilala, duka imefungwa, mi nakunywesha uji na kijiko. Kuko mutu alikuita muvivu?”

Mteja mmoja akaangua kicheko. Ilyasi akainamia mizani, ingawa hapakuwa na kitu cha kupima.

Salvator, daktari wa mifugo, alikuta fizi zimevimba, zinatoa usaha. Alimtundikia paka maji hadi akapata nguvu, ndipo akamng'oa meno matano. Akamfundisha Asiya: kitambaa laini kidoleni, dawa ya meno ya paka, sugua taratibu kila siku. Dawa ya meno ya watu hapana, itamdhuru.

Shefu alipona. Anakula jikoni, ndagala zilizopondwa na mkono wa Asiya. Ilyasi humgongea mkebe dukani kumwita. Paka humtazama kutoka mlangoni, kisha humgeuzia mkia.

FUNZO

Usimwite mvivu anayekutumikia kabla hujamfunua mdomo ukatazama. Paka hana ulimi wa kusema jino linauma. Udenda na harufu ndiyo maneno yake. Msugue meno angali mzima. Na nyinyi mnaocheka kwamba hiyo si kazi ya mtu mzima, miaka sita mlikula mchele usio na mavi ya panya. Aliulinda nani, nyinyi?