Nukta Iliyoingia Bila Hodi

Stoo ya mwisho kwenye ghorofa ya tatu ilionekana ya kijani, na haikupaswa kuwa hivyo.

Fundi wa mtandao aliikazia macho kompyuta aliyoipakata mkononi. Wapangaji wa ofisi zile walikuwa wamelalamika kwamba mtandao hukatika kila alasiri, naye alikuja kutafuta chanzo. Kazi yenyewe ina kanuni moja: tembea, simama, kisha bofya kwenye ramani ya jengo pale pale uliposimama. Programu hupima mawimbi na kupaka rangi. Kijani ni nguvu, nyekundu ni unyonge. Stoo ile haikuwa na kifaa chochote cha kurusha mawimbi.

Tena hakuwa ameingia. Mlango ulikuwa umefungwa, na mama mtunza jengo alikwisha kumwonya: "Mwanangu, chumba kile kina mwenyewe. Piga hodi. Usipoitikiwa, geuka urudi." Fundi alicheka moyoni. Mkewe alikuwa amejifungua juzi, na jioni ile alitarajiwa kuwachukua hospitalini, mama na kichanga. Kwa hiyo alikuwa amesimama tu ukumbini, penye mawimbi hafifu, akabofya nukta tatu katikati ya stoo kana kwamba yumo, ili ramani itimie.

"Bado tu?" aliuliza shemeji yake, kaka wa mkewe, akikunja nyaya. "Dada akisubiri getini na mtoto, mimi sitakutetea. Ulimi wake unaujua."

"Programu imeingiwa na wazimu. Inasema niko stoo."

"Basi toka."

Wakacheka. Fundi alizifuta nukta zile, zikarudi. Akaizima kompyuta na kuiwasha, akabadilisha kadi ya kupokea mawimbi, akasahihisha vipimo vya ramani, kwa sababu kila kosa lina chanzo na chanzo hutafutwa hatua kwa hatua. Kisha akatembea kuelekea ngazini akibofya. Nukta mpya hazikumfuata. Zilijipanga ndani ya stoo, moja baada ya nyingine, kwa mwendo wa miguu yake. Na aliposimama, alisikia nyuma ya mlango uliofungwa viatu vyake mwenyewe vikisimama, vimechelewa kidogo. Harufu ya udi na chokaa mbichi ikapenya chini ya mlango.

"Shemeji," alinong'ona, "tuondoke. Vyombo tutavifuata kesho."

"Mbona umesawijika hivyo? Tangulia, nafunga mkoba."

Alishuka ngazi, kompyuta kwapani, akishika ukuta, asitazame nyuma, akapita ghorofa ya pili na ya kwanza, akauona mlango wa chini na kioo chake, na ng'ambo ya kioo gari lao likimeremeta juani, akausukuma kwa bega huku akimshukuru Mungu kwa pumzi ya kwanza ya nje, ila pumzi ile ilikuwa ya udi na chokaa, na mlango ulipojifunga nyuma yake alipapasa kwa viganja vyote viwili asipate kitasa, wala bawaba, wala ufa, bali ukuta mtupu uliozunguka mpaka ukarudi ulikoanzia.

Kompyuta ilimulika gizani. Nukta ilikuwa katikati ya stoo, naye pia. Ramani sasa ilikuwa sahihi.

"Hukupiga hodi," sauti ilisema karibu na sikio lake, kwa upole wa mwenyeji. "Lakini ulisema umo. Neno la mgeni silikanushi."

"Nisamehe. Nina mtoto, hata sijampakata. Niruhusu niage."

Kitu kikavuta pumzi, taratibu, kama kinachojifunza.

Ndipo hatua zikaja ukumbini, za kweli, za viatu vizito.

"Shemeji? Mbona nasikia unatembea humo? Dada amepiga simu, wako getini na mtoto."

Fundi alifungua kinywa amwambie akimbie, kisha akafumba. Neno lolote litakalotoka humu litahesabiwa kuwa jibu. Akiingia huyu naye, nani atakwenda kuwachukua? Akaubana mdomo kwa mikono yote miwili, akaomba shemeji yake asahau adabu, apige teke mlango, atukane, ageuke, aende zake.

Shemeji alikuwa mtu wa adabu. Akagonga kwa upole.

"Hodi?"

Mikono ya fundi ilikuwa bado imeubana mdomo wake, nayo sauti yake, changamfu, ikaitikia kutoka gizani kando yake:

"Karibu, shemeji. Sukuma tu."