Ubavu wa Saba

"Nisomee tena huo ujumbe," Royce alisema, akimsukumia mkewe simu.

"Umeshausoma mara kumi tangu jana."

Alimkamata nywele za kisogoni akambamiza kwenye friji ya basi lao. Royce hakuwahi kumpiga usoni. Uso ulikuwa kwenye mabango.

Delpha akasoma ujumbe wa kampuni ya kurekodi muziki: "Tunakutaka uimbe peke yako. Njoo Nashville Jumatatu, saa nne."

"Peke yako. Miaka kumi na miwili Kentucky nzima inatuita Delpha na Royce, leo mimi mkia?"

"Sijawajibu."

"Na hujakataa."

Delpha akairudisha simu mfukoni. Kutokataa huko ndiko kulikomletea teke la jana, la ncha ya buti.

"Asiyependa hana wivu, Del. Tukishuka jukwaani utawaandikia kwamba hutaki. Sasa vaa."

Akatoka kwenda kukaza nyuzi za gitaa. Simu ikaita. Alikuwa mama yake Delpha, Orlena.

"Nimekusikia ukiimba redioni asubuhi," Orlena alisema bila salamu. "Ile noti ndefu umeikata katikati ukavuta pumzi. Tangu una miaka tisa hujawahi kupumua pale."

"Mafua, Mama."

"Mafua ni ya puani. Ubavu upi?"

Delpha akautazama mlango aliotokea Royce.

"Baba yako alinivunja nne, mwanangu. Nakuuliza upi."

"Wa saba. Labda na wa nane."

"Nipo hapa kwenye maonyesho ya kaunti mtakapoimba, gari nimeliegesha kuelekea getini. Siji kukubeba. Ukishuka mwenyewe, nitakuendesha."

Saa nane mchana walipanda jukwaani. Waliimba kama siku zote, maikrofoni moja, shavu kwa shavu, mkono wa Royce kiunoni mwa mkewe. Wanawake wa mstari wa mbele wakaguna kwa wivu. Hawakuona kidole gumba kilivyoutafuta ubavu na kuupata.

"Tabasamu," alimnong'oneza.

Noti ndefu ikafika. Mashabiki wao walikuwa na desturi: huinua kofia juu na kutozishusha mpaka Delpha amalize. Kofia elfu mbili zikapanda. Kidole kikabonyeza. Sauti ikakatika.

"Pumua, dada," mzee mmoja wa mstari wa mbele alimwambia. "Tutangoja."

Delpha akautoa ule mkono kiunoni.

"Siwezi kupumua," alisema kwenye maikrofoni. "Huyu amenivunja mbavu. Na sasa hivi alikuwa anazibonyeza."

Royce akawachekea watu. "Mke wangu na mizaha yake. Jana alisema naoa tena."

Delpha akapandisha shati upande mmoja. Alama ilikuwa nyeusi, imechongoka kama ncha ya buti.

Royce akasahau habari ya mabango. Ngumi ikampata Delpha mdomoni, akaangukia ngoma. Aliposimama meno yalikuwa mekundu. Royce akainua gitaa kwa mikono miwili. Mpiga ngoma akaingia katikati, likavunjikia begani mwake. Wanaume watatu wakaruka jukwaani wakamlaza Royce kifudifudi, mmoja akimkalia mgongoni.

"Del, mpenzi," alilia, shavu likiwa sakafuni. "Waambie waniachie. Tuyamalize nyumbani."

Kule chini kofia zikaanza kushuka, moja baada ya nyingine. Hazikurudi vichwani. Watu walizishika vifuani, kama wafanyavyo jeneza likipita.

Delpha alimtazama. Alikuwa amempenda mtu huyu tangu kwaya ya kanisani, na hata sasa moyo ulishtuka alipomwita mpenzi. Akafuta damu kwa mkono wa shati, akatoa simu mfukoni, akaandika: "Jumatatu nitakuja." Akatuma.

Askari wa kaunti alikuwa amepanda, daftari mkononi, macho yakihama kwake na kwa mumewe.

"Mama, unataka kufungua kesi, au ni mambo ya mume na mke?"

"Andika," Delpha alisema. "Ubavu wa saba na wa nane. Jana jioni, ndani ya basi. Buti lenyewe amelivaa, la kulia."

Askari akapiga goti, akaanza kumvua Royce buti.