Mkanda wa Kisigino

"Ulijua!"

"Nilijua nini?"

"Ulijua huu mkanda utachuna watu visigino, na ukanyamaza!"

"Kwani uliniuliza, Kang'ethe? Wewe ulichungulia tu."

"Sikuchungulia!"

"Ulichungulia. Hata ulipanda juu ya debe."

Ni kweli, nilipanda juu ya debe. Mimi na Ahmad tulikuwa tunajifunza kutengeneza akala, viatu vya tairi, kwa Fundi Nzioka, hapo sokoni Thika. Ilikuwa mwaka wa 1958. Kila Jumamosi Fundi alitupeleka Ruiru na magunia yetu, tuwauzie vibarua wa kahawa karibu na stesheni. Alikuwa ametuambia wazi: "Mwezi wa Juni ukiisha, mmoja wenu nitamwachia Ruiru, awe mkubwa wa pale. Mwingine atabaki Thika anifagilie."

Mimi nilijua mkubwa ni mimi. Kisu changu kilipita kwenye tairi kama kwenye sabuni. Akala za Ahmad zilikuwa kama zimetafunwa na panya. Lakini mvua ya Aprili iliponyesha, watu walimzunguka yeye. Alikuwa ameongeza mkanda wa nyuma wa kushika kisigino, ili matope ya Ruiru yasivue mtu kiatu. Akauza zote. Mimi nikarudi na gunia limejaa, na roho inaniuma hata ugali haushuki. Ndio nikapanda debe, nikachungulia anavyopima. Nikatengeneza jozi ishirini za mkanda, safi kuliko zake.

Nilipomaliza, mvua ilikuwa imeisha.

Jumamosi ya kwanza niliuza jozi tano. Jumamosi iliyofuata zote tano zikarudi. Mama Wamboi, kibarua wa kahawa, alikuja akichechemea, akatupa zake mbele yangu. "Wee kijana, uliniuzia akala ama msumeno?" Vumbi lilikuwa limeingia chini ya mkanda, likamchuna ngozi. Wenzake wakacheka sana. Na Ahmad? Alishaacha kuweka mkanda, anauza kama kawaida. Hapo ndipo nilipomrukia kwa maneno.

Fundi akatusikia. "Kelele za nini? Kang'ethe, hizo jozi ishirini ni zako. Nataka ziishe kabla gari la moshi la kuturudisha Thika halijafika. Usinitazame mimi. Mtazame mwenye mguu."

Nikashika koleo, nataka kung'oa mikanda yote. Halafu nikamwona Mama Wamboi amekaa kando, anapuliza kisigino chake.

"Mama, nikutolee huu mkanda?"

"Uutoe? Asubuhi nyasi zina umande, mguu unateleza kama samaki. Asubuhi nautaka. Ni mchana ndio unaniua."

Asubuhi ndiyo, mchana hapana. Nikakaa na kile kiatu mapajani. Kila upande, mkanda ulishikwa na misumari miwili. Nikang'oa mmoja huku, mmoja kule. Mkanda ukaanza kuzunguka: ukiusukuma nyuma unashika kisigino, ukiuvuta mbele unalala juu ya mguu.

Mama Wamboi akavaa. Akasukuma nyuma, akavuta mbele, akasukuma tena kama mtoto. "Ngai, Mungu wangu! Njooni muone!"

Nikazirekebisha zote hivyo hivyo, na gari la moshi lilipolia kwa mbali, gunia langu lilikuwa tupu. Nikamwangalia Fundi, kifua mbele.

"Ruiru ni ya Ahmad," akasema.

Moyo ukaniwaka. "Lakini Fundi! Hii ya leo ni yangu!"

"Ni yako, na ni nzuri kuliko zote. Lakini imekuja watu wakishaumia. Ahmad aliwauliza wenye miguu kabla ya kukata. Mkono unao, Kang'ethe. Lakini biashara haiongozwi na mkono peke yake. Mvua inakuja na shida yake, jua nalo linakuja na yake. Ukiiba jibu la mwenzako, utakuta shida imeshahama. Fikiria lako, kama ulivyofanya leo. Ukizoea hivyo, nitakutafutia wewe pia mahali."

Ahmad akasogea. "Nionyeshe huo msumari."

Sidanganyi, wivu ulikuwa bado unaniuma. "Chungulia," nikamwambia.

Akachukua debe, akaligeuza, akapanda juu, akanyoosha shingo kama jogoo, mpaka mimi mwenyewe nikacheka.

Nikamwonyesha. Halafu nikatupa gunia tupu begani, nikageuka, nikaenda zangu stesheni.