Buluu ya Nanzala

Kwenye mnada wa mzungu aliyekuwa akirudi kwao, hapo Eldoret mwaka wa 1966, watu waling'ang'ania vitanda na majembe. Nanzala, karani wa duka la mbegu, gauni lake la maua ya njano limepigwa pasi hadi likasimama, alikumbatia debe la mimea midogo yenye majani ya buluu. Kijana mmoja, Gathogo, akamkanyaga kiatu.

"Pole, dada. Hiyo mboga inapikwaje?"

"Haipikwi. Ni hosta. Inatazamwa tu, kivulini."

"Kama wewe."

Nanzala alijifanya hakusikia, lakini meno yalionekana.

Walipendana. Chumba cha kupanga cha Nanzala hakikuwa na uwanja, kwa hivyo hosta zikapandwa Yamumbi, kwenye shamba alilonunua Gathogo, chini ya mti mmoja mkubwa. Majirani walimwambia Gathogo aukate apate nafasi ya mahindi. Alikataa.

"Ni bustani ya mlango wetu, mpenzi," alimwambia Nanzala.

Kisha Nanzala akaenda Bungoma kumuuguza mama yake. Aliporudi kiangazi, majani yote yalikuwa kijani kama sukuma wiki.

"Gathogo, hosta zangu ziko wapi?"

"Si ndizo hizo."

"Zangu ni buluu. Umempelekea msichana gani?"

"Msichana gani tena? Mimi huzipangusa vumbi kila asubuhi, jani kwa jani."

"Usinifanye mtoto."

Akaondoka. Gathogo akapiga simu dukani.

"Nanzala?"

"Ni Virginia, karani mwenzake. Amesema hayuko."

"Amesema yeye mwenyewe?"

"Ndiyo. Amesimama hapa."

Kiangazi chote Gathogo alipangusa kwa nguvu zaidi, akitafuta buluu chini ya vumbi. Kijani tu. Mwishowe akachoka, akaziacha. Mvua ikanyesha, na majani machanga yakachomoza. Buluu.

Alichimba shina moja, akalibeba kwa debe mpaka dukani.

"Kwa hivyo huyo msichana amekurudishia," Nanzala akasema.

Gathogo aliliweka debe juu ya kaunta. Alitoa kitambaa mfukoni, akapangusa nusu ya jani. Nusu hiyo ikawa kijani. Nanzala akagusa ile nusu nyingine. Kidole kikabaki na unga kama wa majivu.

"Kumbe ni poda," alisema polepole.

"Na ni mimi nilikuwa naitoa."

"Na mimi nikakuita mwongo."

"Tena ukamtuma Virginia."

Virginia aliinama chini ya kaunta, akitafuta kitu ambacho hakikuwa kimepotea.

"Lete hicho kitambaa," Nanzala akasema. Alikikunja vizuri, akakitia mkobani. "Kitapangusa vikombe vyetu kule Yamumbi. Majani utayaacha."