Mwendo wa Kuazima

Je, wewe umewahi kumwona mtu akitembea kwa mwendo wa mtu mwingine? Siyo kuiga, kama watoto wanavyomwiga mwalimu wao akigeuka ubaoni. Mwendo wenyewe hasa: namna kisigino kinavyogusa chini, nyonga inavyopinda, bega linavyosubiri mguu umalize kazi yake. Basi Bi Mize wa Pangani alitembea hivyo wiki nzima katika jiji la Chennai, India ya Kusini, miaka ile ambayo barabara zilikuwa zikijitandia mapazia zenyewe jua likipanda, na magari hayakuwa tena na dereva wala honi.

Kilichomtembeza ni chombo kinachoitwa miguu-mwenza. Ukikiona kimetundikwa ukutani utadhani suruali iliyofumwa kwa uzi wa fedha. Huvaliwa kuanzia kiunoni mpaka kwenye nyayo, chepesi kama doti ya kanga, na ndani yake mna nyuzi zinazojikaza na kujilegeza kama misuli. Lakini chombo hicho, kwa akili zake zote, hakijui kutembea. Lazima kifundishwe. Watu wa mji ule hujitolea: mtu mwenye afya hukivaa, hutembea asubuhi nzima kwenye chumba cha mchanga, na chombo huushika mwendo wake. Kila jozi hubeba mwendo mmoja tu. Mgonjwa akiivaa, hutembezwa na mwendo huo wa kuazima hadi wake uliolala uamke. Ukiamka, ule wa kuazima hufutika moja kwa moja. Kuna taa ndogo gotini. Ikiwa ya njano, unatembezwa. Ikiwa ya kijani, unatembea.

"Njano," alisema Bi Kazija asubuhi hiyo, akiwa amechuchumaa kulitazama goti la mwenzake. "Njano kama bizari."

"Nimeiona, mwenzangu. Sikupofuka, nimepooza tu."

Bi Kazija alikuwa mke mwenzake. Mume wao mmoja, Bwana Athmani, alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, akawaachia ua mmoja na nyumba mbili zinazotazamana. Kiharusi kilimpiga Bi Mize akiwa anakaanga visheti vya harusi ya watu. Bi Kazija ndiye aliyeliepua karai na kumwita daktari, na ndiye aliyefunga safari naye. Wauguzi walipouliza kama wao ni ndugu, Bi Kazija aliwajibu, "Afadhali tungekuwa ndugu, tungegombana kidogo."

Daktari Thenmozhi, mwanamke mrefu mwenye sauti ya taratibu, alikuja kuwaaga. Hereni-mkalimani masikioni mwao zilikigeuza Kitamili chake kuwa Kiswahili, na Kiswahili chao kuwa Kitamili.

"Leo ndiyo siku ya mwisho, Bi Mize. Mgonjwa mwingine anaingoja jozi hii. Mwendo wako usipoamka, utarudi nyumbani kwa kiti cha magurudumu. Nendeni mkatembee mjini, kwenye jumba la makumbusho na nyumba za ibada."

"Kwa nini huko, daktari, na si hapa kwenye sakafu yenu nzuri?"

"Hapa mtu hutembea akiitazama miguu yake. Kule huinua macho. Macho yakiinuka, miguu hupata nafasi ya kukumbuka."

Wakaanza na jumba la makumbusho la Egmore, lenye kuta nyekundu na vioo vya rangi. Katika chumba cha sanamu za shaba, taa-simulizi zilikuwa zinaamsha vivuli: ukisimama mbele ya sanamu, kivuli chake hujitenga ukutani na kuendelea na jambo ambalo shaba imelikatisha. Sanamu ya mungu wao anayecheza ngoma, mguu mmoja hewani, nywele zimetawanyika, ikakitoa kivuli chake, nacho kikazunguka na kuushusha tena chini mguu ule ulioinuliwa miaka mingi. Bi Mize alitazama mdomo wazi.

"Mguu huo mmoja tu wangekupa wewe," Bi Kazija akanong'ona, "tungekuwa tumeshafika Pangani."

"Nyamaza, watu wanatazama vitu vyao vya heshima."

Taa ilibaki njano.

Adhuhuri iliwakuta kwenye msikiti mkubwa wa Triplicane, wa mawe ya kijivu. Mlinzi alisita kidogo: je, hivi ni viatu? Akacheka peke yake, akaleta kitambaa cha maji, akazipangusa nyayo za fedha moja baada ya nyingine kama mtu anayemtawadhisha mgonjwa, akamkaribisha upande wa wanawake. Bi Mize alisali akiwa ameketi. Aliomba mpaka kanga ikalowa kidevuni. Alipoinuka, Bi Kazija aliinama kutazama goti, akainuka bila kusema neno. Hilo la kutosema lilimuuma Bi Mize kuliko njano yenyewe.

"Sema basi."

"Niseme nini? Tangu uvae suruali hii unatembea kama bibi harusi anayechungulia. Mwendo wako wewe naujua. Mwendo wa kishindo! Kila alfajiri unapita chini ya dirisha langu kwenda kisimani, du, du, du, kama unakwenda kukamata mwizi. Miaka yote hiyo sijalala nikashiba."

"Basi sasa unalala."

Bi Kazija aligeukia upande wa pili, akajifanya anatafuta gari.

Jioni ikawafikisha Mylapore, kwenye hekalu lenye mnara uliojaa vinyago vya kila rangi, na mbele yake bwawa kubwa la mawe lenye ngazi pande nne. Bi Mize hakwenda kuabudu. Kutazama si kuabudu, na nyumba ya ibada ya mtu hutazamwa kwa adabu. Nje ya lango waliketi wanawake wauza maua. Mmoja, Valli, mwenye asumini mapajani na ncha ya uzi midomoni, ndiye pia aliyetunza viatu vya watu.

"Viatu hapa, amma," alisema bila kuinua kichwa. Amma ni mama, ndivyo wanavyowaita wanawake wazima kule.

"Hivi si viatu, mwanangu. Ni miguu."

"Kila mtu ana maneno ya..." Valli akainua kichwa. Alikuwa ameitazama miguu ile ikija hatua zile chache za mwisho. Asumini zikamwagika. "Rudi nyuma kidogo, amma. Nakuomba. Njoo tena."

Bi Mize alirudi, akaja tena. Mguu wa kulia ulitua kwa uzito, wa kushoto ukapita juu juu ya mawe kama unafagia.

"Kapu," Valli alisema. "Mama yangu alibeba kapu la maua kwenye nyonga ya kushoto maisha yake yote. Ndiyo maana mguu ule haukukanyaga vizuri. Kabla hajafa alikwenda hospitali kuutoa mwendo wake. Alirudi anacheka, anasema amelipwa chai na biskuti kwa kutembea. Tangu hapo kila mguu unaokuja hapa nautazama."

Bi Kazija alishika shavu. "Toba ya Mungu!"

"Nitembee naye mzunguko mmoja wa bwawa," Valli akasema. "Alikuwa akitangulia na kapu, mimi nyuma namkimbilia. Sikuwahi kwenda naye sambamba."

Wakaanza. Valli alimshika mkono Bi Mize, akazipatanisha hatua zake na zile za mama yake, uzito na ufagio, uzito na ufagio. Alikuwa akimsimulia mambo madogo: mama yule alivyopenda kahawa chungu, alivyowatukana njiwa waliokula maua yake. Bi Mize alikuwa anasikiliza kwa kicheko, macho yake yakiwafuata njiwa wale juu ya mnara. Kwenye kona ya pili nyayo zikaanza kumwasha. Joto la jiwe! Mguu uliokufa ulikuwa unaungua. Akatazama goti: njano ilikuwa inapepesa, na ndani yake palikuwa na ukijani.

Akasimama ghafla.

"Nini, amma?"

"Wangu unaamka. Nikipiga hatua nyingine, wa mama yako unafutika. Sitauona tena, wala wewe."

Valli alitazama lile goti. Kengele za hekalu zilikuwa zinalia. Alijifuta macho kwa pindo la sari.

"Mama hakutembea mchangani asubuhi nzima ili mtu asimame," alisema. "Nenda, amma. Nimeshatembea naye."

Bi Mize akapiga hatua. Nyuzi za fedha zikalegea, zikamwachia uzito wake wote. Akayumba. Valli akamkamata. Hatua ya pili ikawa nzito, ya tatu nzito zaidi, na kwenye kona ya tatu mawe yale ya kale yakaanza kuitika: du, du, du. Njiwa waliruka. Watu walioketi kwenye ngazi waligeuka, na hereni-mkalimani haikuwa na haja ya kutafsiri vile walivyoshangilia. Taa ilikuwa ya kijani kama jani la mpopoo.

Alirudi langoni akitokwa na jasho. Valli alimvisha shada la asumini, na hakulia tena. Bi Kazija alikuwa ameketi chini, katikati ya viatu vya watu, kanga imemfunika uso.

"We Kazija! Umeusikia mwendo wa kukamata mwizi? Sema sasa, niutie pamba, usikukere?"

Bi Kazija akautoa uso kangani. Macho yalikuwa mekundu.

"Tangu uanguke, kila alfajiri naamka mwenyewe," alisema. "Naketi kitandani, nasikiliza dirishani, kimya. Mimi sikuja India kutazama shaba, Mize. Nilitaka upite tena pale, uniamshe."